Rivyuu ya siku ya traki kundi la wanaoanza, bila kocha na ukiwa na kocha

Nimeenda siku ya traki, yaani siku unayolipia kuendesha pikipiki yako kwenye uwanja wa mbio, mara 2 sasa, ya kwanza peke yangu bila kocha, ya pili nikalipia kocha, na watu wananiuliza sana kama hela ya kocha inalipa. Inalipa. Inalipa kuliko ekzosi, kuliko tairi za mashindano, kuliko chochote ulichopanga kufunga kwenye piki yako mwezi huu, na nitaeleza kwa nini maana mi mwenyewe nilikua nabisha.

Utaratibu wenyewe ni huu kwa ambaye hajawahi kwenda. Mnagawanywa makundi 3, wanaoanza, wa kati na wale wa mbio, kila kundi linaingia dakika 20 alafu linatoka kupisha wengine, ukimaliza siku umepata awamu 6 hivi. Kabla ya hapo kuna ukaguzi, wanaangalia breki, cheni, tairi, kama kuna kinachovuja, vioo unatoa au unakunja, taa unazipiga tepu ili ukianguka vipande vyake visitapakae kwenye lami, na wewe mwenyewe uwe na suti ya ngozi, ya kipande kimoja au vipande 2 vinavyofungwa zipu pamoja, glavu ndefu, buti, helmeti nzima na kinga ya mgongo. Pale walikua makini sana, mtu mmoja alirudishwa kwa ajili ya pedi za breki zilizoisha na nikasema hapa kweli wanajali.

Lawama yangu ya kwanza ni maelezo ya asubuhi. Walikimbiza mno. Maelezo ya bendera za ishara yalipita dakika chache tu na nusu ya watu ndo mara yao ya kwanza kuziona, wakati ndo kitu cha kukulinda ukiwa ndani. Njano maana yake mbele kuna hatari, punguza na usimpite mtu. Nyekundu awamu imesimamishwa, unainua mkono, unapunguza taratibu (usifunge breki ghafla, kuna mtu nyuma yako!) na unarudi ndani. Ile ya mistari ya njano na nyekundu ni utelezi, pengine mtu kamwaga oili. Nyeusi ukioneshwa wewe unatoka, hata kama huoni tatizo, wao wameliona. Hivi vitu vilistahili muda, mtu aulize, arudie.

Sasa ile mara ya kwanza bila kocha. Niliendesha kwa nguvu siku nzima, mnyoofu (pale pasipo na kona) navuta mafuta mpaka mwisho, kona nafika nimechelewa, nabana breki, nakaza mikono, nakata mapema, natokea mbali karibu na nyasi, alafu navuta tena. Kulikua na dada na piki ya cc 300, kwenye mnyoofu namwacha kabisa, zikipita kona 3 yupo pembeni yangu, kona ya 4 kashanipita na wala hana haraka. Awamu ya tatu mikono ilikua imekufa ganzi, nikishika klachi naisikia kwa mbali. Nilirudi nyumbani nimechoka na sikujua nimejifunza nini.

Mara ya pili tulikua wanafunzi 3 kwa kocha 1. Kabla hatujaingia akaniuliza swali moja tu, "Ukiingia kona unaangalia wapi?" Nikamwambia naangalia barabara, kaka. Akasema, "Barabara ipi mdogo wangu, ile iliyopo mbele ya tairi au ile unayoenda?" Nikakosa jibu.

Awamu ya kwanza akatupa zoezi ambalo nilidhani halitanisaidia kitu, gia ya 4 tu muda wote na usiguse breki. Aisee. Ukishanyimwa breki huna namna, inabidi uione kona mapema, uachie mafuta mapema, ujue mwenyewe hii spidi inaingia au haiingii, na ukikosea kidogo unakuta umeingia polepole mno basi, hakuna baya. Mizunguko 4 tu nikaanza kuona koni ambazo mara ya kwanza sikuziona kabisa, ile ya kuanzia kukata, ile ya ndani kabisa ya kona, ile ya kutokea. Zilikuwepo siku zote! Macho yangu ndo yalikua yamelala mbele ya tairi.

Awamu ya pili breki, na hapa ndo nimepata faida kubwa zaidi. Nilikua nabana ghafla nikidhani ndo breki kali. Kumbe ukianza kwa kuikamua, uzito unahamia mbele, shoku za mbele zinashuka, tairi inakandamizwa kwenye lami na inashika eneo kubwa zaidi, hapo sasa ndo unaweza kuongeza nguvu mpaka utakapo. Ukibana kabla uzito haujafika mbele tairi inateleza, na ya mbele ikiteleza huna muda wa kuwaza. Alafu unaiachia taratibu unavyokaribia kukata, sio kuitupa, ukiitupa mbele inaruka juu na piki inakataa kuingia. Akatuambia pia tuchague kibao kimoja cha kuanzia breki na tukibadilishe kidogo kidogo, maana spidi ikiwa mara 2, umbali wa kusimama ni mara 4, kwahiyo kile "nilichelewa kidogo tu" kwenye traki sio kidogo. Na magoti yabane tenki. Hii moja peke yake iliponya mikono yangu, uzito wa mwili ukishikwa na miguu mikono inabaki laini na piki inaenda yenyewe.

Kukaa pia tulifundishwa ila sitaandika sana, sehemu ya mbele ya unyayo, nyuma ya vidole, kwenye kikanyagio na sio katikati ya unyayo, nusu ya kalio nje, kichwa na bega vishuke upande wa ndani. Sababu ni kwamba ukisogeza uzito wako ndani, piki inalala kidogo zaidi kwa spidi ileile na unabakiwa na akiba ya mshiko wa tairi. Wengi wanataka goti liguse lami wapige picha. Kocha alikataa kabisa tulifukuzie, na mi naungana nae, goti litafika siku yake.

Awamu ya 4 ndo nilijua nimebadilika. Kuna kona ndefu ya kulia, niliingia kwa kasi kuliko mizunguko yote, nikaona nyasi za nje na macho yakaganda pale pale, na piki ikaanza kwenda kule kule kwenye nyasi, ndo inavyokua, unapoangalia ndo unapoenda. Zamani ningebana breki nikanyooka nikatoka nje. Nikasikia swali lake la asubuhi, nikageuza kichwa kwa nguvu kutafuta koni ya kutokea, nikasukuma hendeli ya kulia mbele, ndio, ya kulia, kwenye spidi unasukuma upande unaotaka kwenda, na piki ikalala, ikakata, nikatoka salama na nafasi imebaki. Nilitetemeka mnyoofu mzima. Kocha alikua nyuma yangu ameona kila kitu, tulivyorudi hakunigombeza, akasema tu "Umeona tairi bado ilikua na uwezo? Wewe ndo ulikua umemaliza."

Tairi nazo. Niliingia na presha ya barabarani, 36 mbele 42 nyuma, fundi wa tairi akanisimamisha akaishusha, kwa sababu traki inapasha tairi kuliko barabara na upepo ukipata joto presha inapanda. Muulizeni fundi wa tairi zenu mkiwa pale pale, kila tairi ina kipimo chake, mpimeni tena mkitoka zikiwa bado za moto. Na mizunguko 2 ya mwanzo nendeni pole hata kama jua linawaka, tairi ya baridi haina urafiki na mtu.

Lawama ya pili, na hii ilinikera kweli. Mchana waliwashusha watu wa kundi la kati wakaja kwetu bila kutuambia. Kanuni ya kundi letu ni kupita kwa nje tu na kuacha kama mita 2, wao wakawa wanachomekea kwa ndani katikati ya kona, mwanafunzi mwenzangu alishtuka akanyoosha piki mpaka kwenye nyasi. Hakuanguka, namshukuru Mungu. Tulilalamika na awamu iliyofuata wakaondolewa, ila haikutakiwa isubiri mtu atoke nje ya lami. Kwa hilo tu nawapunguzia, ninawapa 8 kwa 10, na kocha peke yake nampa 10.

Ukitaka kulipia uliza kwanza kocha 1 ana wanafunzi wangapi, wakizidi 4 hatakuona vizuri. Uliza pia kama anakufuata nyuma au anakaa mbele tu, unahitaji vyote, mbele unaiga njia yake, nyuma anaona makosa yako. Na awamu ya mwisho ukijisikia umechoka usiingie, mi niliiacha, kichwa kilikua kimejaa na maji nilikua nimekunywa kidogo sana siku nzima, nikakaa ukutani naangalia wenzangu wanavyofunga breki na kwa kweli nilijifunza pale pia.

Yule dada wa cc 300 alikuwepo tena. Safari hii tulienda mizunguko 3 mimi nyuma yake na kwenye kona hakuniacha, tulivyotoka akaja kunipa mkono. Nimeshaweka nafasi ya tarehe nyingine, kundi lilelile la wanaoanza, kocha yuleyule, bado ile kona ndefu ya kulia sijaimaliza.