Programu ya kiimbo inayomkosoa mwanafunzi aliyepatia

Programu hii ya simu ya kufundishia kiimbo cha Kiingereza, yaani kupanda na kushuka kwa sauti, inakosoa jibu sahihi, tena bila haya. Mwanafunzi anasema "Where do you live?" akishusha sauti kwenye "live", barabara kabisa. Inamwekea alama nyekundu na mshale wa kwenda juu. Anarudia vilevile, nyekundu tena. Akichoka akapandisha ilimradi tu, anapigiwa makofi!

Maswali yanayoanza na where, what, when, why au how kwa kawaida hushuka mwishoni. Neno la mwanzo limeshamjulisha msikilizaji kwamba anaulizwa. Yanayopanda kwa kawaida ni yale ya ndiyo au hapana: "Do you live here?" Ukilipandisha lile la kwanza, hasa ukiweka mkazo kwenye "where", utaeleweka kwamba jibu ulishapewa ila hukulisikia. Mtoto anafundishwa kuomba arudiwe jambo ambalo bado hajaambiwa.

Nikawaandikia huduma kwa wateja, kwa adabu, na mifano juu. Jibu likaja baada ya siku kadhaa, mstari mmoja: swali ni swali, sauti hupanda, soma mwongozo. Mwongozo nimeusoma, na ndiko kosa lilikoanzia. Wanafunzi wanaozungumza Kiswahili hawana shida ya kupandisha, "Wamefika" na "Wamefika?" wanazitofautisha kwa kiimbo tu tangu utotoni. Kazi ya mwalimu ni kuwaonyesha pa kushusha, na hapo ndipo programu inapowavuruga.

Kwenye "isn't it" ndio balaa. "It's hot, isn't it?" ikishuka, msemaji anajua kuna joto, anataka ukubaliane naye. Ikipanda, hana hakika, anauliza kweli. Zote mbili ni sahihi, maana ndiyo inayochagua. Humu inakubalika ya kupanda peke yake.

Nisiwaonee, lakini. Rekodi zao ni safi, na unaweza kuzipunguza kasi hadi nusu bila sauti kuwa nzito. Mstari unaochora kupanda na kushuka kwa sauti unawasaidia sana wasioweza kusikia tofauti kwa sikio. Zima sehemu ya kutoa alama, weka simu kama shubiri moja kutoka mdomoni, kando kidogo ili pumzi isiipige, na darasa linyamaze. Kwa matumizi hayo peke yake ningetoa nyota tatu, pengine nne.

Ila hata huo mstari una walakini. Konsonanti kama s, t na p hazina mtetemo wa koo, kwa hiyo mstari kukatika hapo ni kawaida. Programu inahesabu mkatiko kuwa ni kushuka. Halafu inapima kwa hezi tupu, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde. Kutoka hezi 100 hadi 150, na kutoka 200 hadi 300, sikio linasikia mpando uleule. Yenyewe inaona wa pili ni mara mbili ya wa kwanza, basi mwenye sauti nzito kila siku anaambiwa anaongea bapa. Praat, iliyotengenezwa na Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam, inachora mstari huo kwenye kompyuta bure, na mipaka ya chini na ya juu ya sauti unaiweka mwenyewe: kama hezi 75 hadi 300 kwa mwanamume mzima, kwa watoto uiinue yote miwili.

Zoezi linalofanya kazi halihitaji simu hata kidogo. Anzia mwisho wa sentensi: "live", kisha "you live", kisha "do you live", kisha yote, na kila mara mkono ushuke pamoja na "live". Ukianzia mwanzo, wanafunzi hufika mwisho pumzi imeisha na kiimbo kimepotea. Baadaye waigune sentensi midomo imefumbwa, maneno yasiwazuge.

Toleo jipya nalo limezidisha. "Red, blue and green" inataka rangi zote zipande, wakati ya mwisho hushuka kuonyesha orodha imekwisha. Na kitufe cha kuzima alama? Kila programu inapojisasisha, alama zinajiwasha zenyewe. Nyota moja, na hiyo ni ya aliyerekodi sauti.