Forodhani kuanzia alasiri: siku ya familia katika bustani iliyorudishiwa uhai

Wageni wengi wanaofika Mji Mkongwe wa Zanzibar huelekezwa Forodhani baada ya magharibi, wakale mishkaki na pizza ya Zanzibar, kisha warudi hotelini. Naona huko ni kuionja bustani hii nusu tu. Sisi tulikwenda watu watano, yaani mama yangu, mume wangu, mimi na watoto wetu wawili, wa miaka 11 na 6. Tukafika saa tisa na nusu alasiri, tukaondoka karibu na saa tatu usiku, na kwa maoni yangu saa zilizokuwa na thamani kubwa zaidi ni zile tatu za mwanzo, kabla jiko la kwanza la mkaa halijawashwa.

Mama amezaliwa Malindi, mwendo mfupi kwa miguu kutoka hapo, ingawa ameishi Dar es Salaam kwa sehemu kubwa ya maisha yake. Kwake yeye jina la mahali hapa bado ni Jubilee Gardens. Zamani eneo hili, lililo mbele ya Ngome Kongwe, lilikuwa la forodha, ndiyo maana likaitwa Forodhani. Bandari mpya ilipojengwa Malindi katika miaka ya 1920, shughuli za mizigo zikahamia huko, na ufuo huu ukabaki wazi. Bustani ilitengenezwa mwaka 1936, Sultan Khalifa bin Harub alipotimiza miaka 25 tangu akalie kiti mwaka 1911, na baada ya Mapinduzi ya 1964 jina la jubilei likaachwa. Katikati lipo jukwaa ambalo bendi ya Sultani ilikuwa ikipigia muziki kwa ajili ya wananchi, na upande wa bahari lipo lango jeupe lililojengwa mwaka 1956 kwa ajili ya ziara ya Princess Margaret wa Uingereza. Mama alikuwa na miaka sita mwaka huo. Alimshika mkono binti yangu mdogo, ambaye naye ana miaka sita, akampeleka hadi chini ya lango lile na kumwonyesha mahali walipokuwa wakisimama watoto wa Malindi kutazama mafundi wakipaka chokaa. Sijawahi kumsikia mama akilisimulia jambo hilo nyumbani. Ilibidi afike pale, aguse ukuta, ndipo maneno yakamtoka.

Mimi mwenyewe niliijua Forodhani mwanzoni mwa miaka ya 2000, nilipokuwa mwanafunzi. Nyasi zilikuwa haba, njia zimebomoka, mvua ikinyesha maji yanatuama, na usiku mwanga wake mwingi ulitoka kwenye taa za wauzaji. Ukarabati mkubwa ulifanywa na Mfuko wa Utamaduni wa Aga Khan kwa ushirikiano na Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, na bustani ikafunguliwa upya mwaka 2009. Taasisi hiyo ndiyo iliyotengeneza Bustani ya Al-Azhar mjini Cairo na kuifufua Bagh-e Babur mjini Kabul, na kwa yeyote aliyewahi kuona hata picha za bustani hizo, mkono wake Forodhani unatambulika: njia zilizonyooka, mawe yaliyopangwa kwa utulivu, miti mikubwa ya zamani iliyoachwa isimame mahali pake, na taa za chini zisizoshindana na bahari. Kazi iliyo ngumu zaidi kuiona, lakini ambayo naithamini kuliko yote, ni ile iliyo chini ya miguu na pembezoni, yaani mifereji ya maji na ukuta wa bahari ulioimarishwa. Bustani iliyo ufuoni isipokuwa na viwili hivyo haidumu, hata ipandwe maua ya namna gani.

Kwa familia yenye mzee, ubora wa kazi hiyo hupimwa kwa fimbo. Mama hutembea na fimbo yake ya mpingo, na katika vichochoro vya Shangani alikuwa akisimama kila hatua kumi kutafuta pa kuikita. Ndani ya bustani aliacha kuitazama ardhi. Alitembea akitazama mbele, akiitikia salamu za watu, na nilipotambua kwamba fimbo imehamia kwapani nilijua kuwa njia zile zimetengenezwa na mtu aliyewafikiria watu kama yeye. Viti vya kukaa vipo vya kutosha, na kingo za bustani zenyewe zimejengwa kwa kimo cha baraza, hivyo wenyeji huzikalia kama wanavyokalia baraza za nyumba zao. Hakuna kiingilio. Tulikaa karibu na bibi mmoja aliyekuwa amekuja na wajukuu wake wanne na chupa ya chai, na mama alipomwambia alikozaliwa, haikupita robo saa kabla hawajagundua kwamba walisoma chuo kimoja cha Kurani.

Watoto wetu walikuwa na shughuli nyingine kabisa. Kuanzia saa kumi hivi, vijana wa mjini hukusanyika kwenye ukuta wa bahari maji yanapokuwa yamejaa, wakarudi nyuma kuchukua mbio, kisha wakachupa mmoja baada ya mwingine, huyu kichwa chini, yule amekunja magoti kifuani. Watazamaji hupiga makofi. Mwanangu alitaka kujaribu, nikamkataza, na namshauri kila mzazi afanye vivyo hivyo, kwa sababu vijana wale wameyazoea maji hayo tangu utotoni na wanajua kina chake kwa kila saa ya kupwa na kujaa. Mume wangu alimtuliza kwa kumsimulia yaliyotokea mbele ya ufuo huohuo tarehe 27 Agosti 1896, manowari za Uingereza zilipoishambulia kasri kwa muda usiofika saa moja na kuizamisha meli ya Sultani, Glasgow, ambayo milingoti yake ilibaki ikionekana juu ya maji kwa miaka mingi. Mtoto aliyatazama maji kwa namna tofauti tangu hapo. Ukiwa na mtoto wa umri huo, usimsomee historia nyumbani. Mpe ukiwa umekaa naye juu ya ukuta ule.

Jua linapokaribia kuzama, wauzaji huanza kupanga meza zao, wengi wao wakiwa wamevaa makoti na kofia nyeupe za wapishi. Tulianza na urojo, ambao ulikuwa mzito kiasi, wenye uchachu wa embe unaojulikana, bajia zake bado zikikatika kwa sauti chini ya jino. Pizza ya Zanzibar tuliagiza ya kima na yai: fundi huuvuta unga hadi uwe mwembamba kama kitambaa, akaweka kipande kingine katikati, kisha kima, kitunguu, pilipili boga na yai, akaikunja kwa pembe nne na kuiacha ikaangike taratibu kwenye chuma. Juisi ya miwa iliyokamuliwa pamoja na tangawizi na ndimu ndiyo iliyovishinda vyote. Binti yangu alikunywa yake na nusu ya yangu.

Si kila meza ilitutendea vyema, na ni haki niliseme hilo. Muuzaji mmoja alitupakulia ngisi na pweza kabla hatujaulizana bei, kisha akataja jumla iliyokuwa karibu mara mbili ya ile tuliyolipa baadaye kwenye meza nyingine, na pweza mwenyewe alikuwa amepoa na kukakamaa. Mama, kwa Kiswahili cha Unguja ambacho sikukisikia kinywani mwake kwa miaka, alimwambia, "Mwanangu, mie mtu wa hapahapa, nambie bei ya kweli," na bei ikashuka papo hapo. Jambo hilo lilinisikitisha zaidi kuliko kunifurahisha, kwa kuwa familia isiyo na bibi wa Malindi ingelipa ile ya kwanza. Ushauri wangu ni kuuliza bei ya kila kijiti kabla ya kugusa sahani, kuchagua meza yenye wateja wengi ili chakula kiwe kimetoka motoni, na kuomba samaki apitishwe tena juu ya mkaa mbele ya macho yako.

Kabla ya kula, inafaa kutembea kidogo kuelekea Malindi. Beit al-Ajaib, iliyojengwa na Sultan Barghash mwaka 1883, iko jirani kabisa, na kuitazama kunauma, kwani sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Mbele zaidi lipo jengo la zahanati ya zamani, maarufu kwa roshani zake za mbao zilizochongwa kama kazi ya sonara, ambalo nalo lilikarabatiwa na mfuko uleule katika miaka ya 1990. Mtu akiyaona majengo hayo mawili kwa mwendo mmoja, anaelewa bila kuhubiriwa ni nini hutokea kinapotunzwa na kinapochelewa kutunzwa kitu kilichojengwa kando ya bahari ya chumvi.

Siku iliyofuata boti yetu ilikuwa ya mchana, na mama akaomba turudi Forodhani asubuhi, sisi wawili tu. Ilikuwa saa moja kasoro. Meza zote zilikuwa zimeondolewa, na wafanyakazi watatu walikuwa kazini: mmoja akifagia majivu, mwingine akisugua madoa ya mafuta kwenye mawe kwa brashi ndefu na sabuni, wa tatu akiwa na mpira wa maji, anaosha palipokwisha kusuguliwa na kisha kuugeuzia kwenye nyasi. Mawe aliyoyapita yalirudi kuwa na rangi yake ya kijivu. Mama alimwamkua kwa "habari za asubuhi", kijana akajibu kwa "shikamoo, bibi", akazima maji na kusimama kando mpaka tukapita.