Dhikri ya Sauti na Dhikri ya Siri kwa Moyo Ulioumia

Masufi, Waislamu wanaofuata njia ya kuusafisha moyo, hukubaliana kwamba moyo huugua kwa kughafilika na hupona kwa dhikri, yaani kumkumbuka Mola, wakiitegemea aya ya 28 ya Sura ya Ar-Raad isemayo kuwa nyoyo hutulia kwa kumkumbuka Mwenyezi Mungu. Wanachotofautiana ni namna ya kuitumia dawa hiyo.

Katika tarika, yaani njia ya Kisufi, ya Kadiria, inayonasibishwa na Sheikh Abdulkadir Jilani aliyefariki Baghdad mwaka 1166, dhikri husomwa kwa sauti, na mara nyingi katika halaka, yaani duara la wanaodhikiri. Anayeingia na huzuni hubebwa na wenzake: "La ilaha" hutamkwa kichwa kikielekea kulia, "illa Llah" kikishushwa kushoto, upande wa moyo, na pumzi za wote huenda pamoja mpaka fikra zinazomsumbua zikakosa nafasi.

Wanakshabandi walio wengi, wafuasi wa Bahauddin Naqshband wa Bukhara aliyefariki mwaka 1389, huchagua ukimya: macho hufumbwa, ulimi hubanwa kwenye kaakaa, na jina la Allah hupitishwa moyoni. Hakuna anayeshuhudia, hivyo ria, yaani kufanya ibada ili kuonekana na watu, hukosa pa kuingilia, na mgonjwa asiyeweza kuinuka kitandani haachwi nyuma.

Kwa maoni yangu, aliyezama katika majonzi aanze na sauti, bila kuacha kwenda kwa daktari, kwa kuwa ukimya wa mtu aliye peke yake waweza kuuachia wasiwasi uwanja mzima. Ya siri aiendee baadaye, akiongozwa na sheikh anayemjua.