Kidude cha elfu thelathini cha kusoma hitilafu, na IST iliyokuwa ikitetemeka kwenye foleni

Nakipa nyota nne. Ya tano nimeinyima kwa sababu ya jambo ambalo muuzaji hakunieleza, na bila binamu yangu ningekitupa uvunguni siku ileile.

Nazungumzia kile kidude cha plastiki cha bluu kinachouzwa Kariakoo, kimeandikwa ELM327. Unakichomeka kwenye soketi ya pini 16 chini ya usukani, kinaongea na simu kwa Bluetooth. Muuzaji alianzia elfu hamsini, tukamalizana kwa thelathini. Simu yangu ni Android, haikuleta shida. Mwenye iPhone aulizie cha WiFi au cha Bluetooth ya kisasa, maana hiki cha kawaida hakitaonekana kabisa kwenye simu yake.

Gari langu ni Toyota IST ya toleo la kwanza, ile ya injini ya 1NZ ya lita 1.5, nililinunua mkononi mwa mtu. Barabarani halina neno. Shida ni kwenye taa za Ubungo: ukisimama, sailensi (mizunguko ya injini usipokanyaga mafuta) inashuka, usukani unatetemeka, na ukiwasha AC ndiyo unahisi linataka kuzima. Taa ya injini nayo ilikuwa ikiwaka na kuzima inavyotaka. Fundi wa kwanza alisikiliza kidogo akasema, "Mama, koili zimechoka, tubadilishe zote nne upumzike." Koili ndizo zinazopeleka umeme kwenye plagi. Wa pili akasema ni mauntini, yaani vishikizo vya injini. Hakuna aliyefungua chochote. Mimi nina duka la dawa, na mteja akiniambia "nipe ya malaria" kabla hajapima namrudisha maabara. Sioni kwa nini gari litendewe tofauti.

Sasa jambo lililoninyima usingizi. Nilipakua programu, nikachomeka, taa ya kidude ikawaka, simu ikakiona. Halafu ikazunguka weee, mwisho ikaniambia haiwezi kuwasiliana na kompyuta ya gari. Nikajua nimeuziwa feki. Kumbe Toyota nyingi za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilizotengenezwa kwa soko la ndani la Japani zina soketi ileile lakini lugha yao si ile waliyolazimishwa Wamarekani tangu magari ya 1996. Programu lazima uiambie hivyo. Binamu yangu alinihamishia kwenye programu nyingine, Car Scanner, akaingia kwenye mipangilio ya muunganisho, akachagua Toyota ya Japani, JDM. Ikaunganika papo hapo. Kwa kuwa magari yetu karibu yote yametoka huko, nashangaa hakuna muuzaji anayelisema hili dukani.

Zilitoka namba mbili za hitilafu: P0300 na P0171. Ya kwanza inasema injini inamisi, yaani mafuta hayaungui sawasawa ndani ya silinda, lakini si silinda moja maalumu. Ingekuwa P0303, kwa mfano, ningejua ni silinda ya tatu, na kazi yake ni rahisi: hamisha koili ya tatu iende ya kwanza, futa namba, endesha. Namba ikihamia P0301 koili imekufa. Ikibaki palepale, angalia plagi na nozeli. Ya pili, P0171, inasema mchanganyiko una hewa nyingi kuliko mafuta. Ukizisoma pamoja, koili nne kufa kwa mpigo zinakuwa hadithi ngumu kuamini.

Kilichofanya nikipende kidude hiki si hizo namba, ni vipimo vinavyosomeka injini ikiwa inanguruma. Kuna kipimo wanakiita fyueli trimu: asilimia ya mafuta ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza ili mchanganyiko ukae sawa. Ikiwa ndani ya kumi juu au chini, usihangaike. Yangu, gari likiwa limesimama kwenye sailensi, ilikuwa imepita ishirini juu. Nikakanyaga hadi mizunguko 2,500 nikashikilia, ikashuka ikakaa kama nne. Hapo ndipo jibu lilipo. Kama pampu ya mafuta ingekuwa dhaifu au filta imeziba, hali ingezidi kuwa mbaya unapokanyaga, kwa kuwa injini inataka mafuta mengi zaidi. Ikiwa mbaya kwenye sailensi na kupona ukikanyaga, kuna hewa ya wizi inaingia baada ya sensa inayopima hewa ya injini. Kwenye sailensi injini inavuta hewa kidogo, kwa hiyo tundu dogo linaharibu hesabu yote; ukikanyaga, hewa halali ni nyingi na ile ya wizi inapotea humo.

Nilikwenda na hizo picha za simu kwa fundi wa tatu, kijana mmoja Tabata. Alizitazama, akaniuliza tu, "Mama, nani kakupimia?" Kisha akachukua dawa ya kusafishia kabureta, akapuliza kidogo kidogo kuzunguka manifoldi, bomba linalogawa hewa kwenye silinda, huku injini inaunguruma. (Ile dawa inashika moto, msijaribu injini ikiwa imechemka na hamjui mnachofanya.) Alipofika kwenye mpira mfupi unaorudisha moshi kutoka tapeti kava, kile kifuniko cha juu ya injini, kwenda manifoldi, sailensi ikabadilika ghafla. Mpira ulikuwa umepasuka upande wa chini ambako jicho halifiki. Mpya ulikuwa bei ya sahani ya chipsi kuku, pamoja na klipu. Akasafisha na throto, mlango wa hewa ya injini, kwa kuwa ilikuwa nyeusi. Tangu hapo trimu inacheza kwenye mbili, tatu, na AC haitikisi kitu.

Kasoro zipo. Namba ya toleo iliyoandikwa kwenye boksi haina maana. Changu kimeandikwa 1.5, na kampuni halisi ya ELM Electronics ya Kanada haikuwahi kutoa toleo la 1.5, hivi vyote ni nakala. Kwenye IST yangu hakisomi breki za ABS wala eabegi, ni injini tu. Kisiachwe kimechomekwa usiku kucha, kinanyonya betri. Na kile kitufe cha kufuta hitilafu kinawapa watu ujanja: ukifuta, taa inazima, ugonjwa unabaki.

Ndiyo maana sasa nakibeba ndugu wakienda kutazama gari la kununua. Kwanza ufunguo uwekwe ON bila kuwasha injini: taa ya injini lazima iwake, kisha izime injini ikiwaka. Isipowaka kabisa, kuna mtu ameing'oa au ameiziba. Halafu nachomeka, naomba gari liwe la moto, natazama trimu kwenye sailensi na kwenye 2,500. Muuzaji mmoja wa magari alininunia kwa hilo, akadai "mashine za simu zinaharibu kompyuta". Kusoma vipimo hakuharibu chochote.

Wenye magari ya Kijapani ya miaka ya 1990 wasihangaike, mengi hayaelewani nacho hata soketi ikifanana. Wengine mkienda Kariakoo, nendeni na gari au mkubaliane na muuzaji mkijaribu kwanza. Huyu wangu alikubali kubadilisha ndani ya siku mbili kama hakiunganiki, na risiti akaandika hivyo kwa mkono.