Uzoefu wangu na T-34-85 ya bei nafuu, skeli 1/35

Kwa asiye na muda wa kusoma yote: nunua. Seti hii ya vipande vya plastiki vya kujengea modeli ya kifaru cha Kisovieti T-34-85, ndogo mara 35 kuliko kifaru halisi, imetoka kwenye kalibu za zamani, vipande vyake ni vichache, maelekezo ni karatasi moja iliyojaa mishale, na sehemu nyingine zimeachwa kana kwamba mchongaji aliitwa mezani kabla hajamaliza kazi. Lakini umbo lake ni zima, na kifaru chenyewe ndicho hasa kinachofaa kujengwa kwa bei ya chini. Jina la kampuni sitalitaja. Seti za aina hii zinafanana sana, na mengi nitakayoyasema yatakufaa hata kama boksi lako lina nembo nyingine.

Kwa nini kifaru hiki? T-34-85 halisi ilianza kutoka viwandani mapema mwaka 1944, na viwanda vya Kisovieti wakati huo vilijali idadi kuliko urembo. Tareti, yaani kile kichwa kinachozunguka na mzinga wake, ilimiminwa kwa chuma ikabaki na ngozi yenye mabonde mabonde, na mshono wa kalibu uliachwa wazi bila mtu kuhangaika kuusawazisha. Weldi zilikuwa nene na zimepinda. Ukiwa na modeli mbovu ya kifaru cha namna hiyo, unaiparuza na kuichafua, na kasoro ya plastiki inageuka kuwa sura ya chuma. Jaribu mchezo huo kwenye Tiger, kifaru cha Wajerumani chenye mabamba bapa na kona kali, uone mwanya mdogo tu utakavyokuumbua.

Kabla ya kufungua gundi nilichukua kalipa, kile kifaa cha kupimia vipimo vidogo. Kifaru halisi kina bodi ya urefu wa takriban mita 6.1 na upana wa mita 3, kwa hiyo kwenye skeli 1/35 unatafuta kama milimita 174 kwa 86. Gurudumu halisi lina kipenyo cha milimita 830, ambayo ni karibu 23.7 kwenye modeli. Seti yangu ilipita kote kwa tofauti ambayo jicho haliioni. Angalia pia nafasi kati ya gurudumu la pili na la tatu: kwenye T-34 ni pana kuliko nyingine, na hiyo ndiyo alama inayokitambulisha ukikiangalia ubavuni. Vishikio na taa ni vitu vya kuongeza jioni moja. Bodi iliyokosewa upana haina dawa, labda uikate kwa msumeno, na hapo ni afadhali ununue nyingine.

Chini ya bodi kuna matundu ya swichi na skrubu, kwa sababu kalibu hii ilitengenezwa ili modeli iendeshwe kwa mota. Si ajabu, maana skeli yenyewe ya 1/35 ina asili hiyo hiyo: Tamiya, kampuni ya modeli ya Kijapani, ilipotoa modeli yake ya kifaru cha Kijerumani Panther mwanzoni mwa miaka ya 1960, ukubwa ulipangwa kwanza ili betri na mota vipate kuenea ndani, na wengine wakafuata. Matundu niliyaziba kwa vipande vya plastiki bapa, na mianya kwa puti ya kujitengenezea: unakatakata vijiti vya fremu iliyoshika vipande, unaviweka kwenye chupa yenye gundi maji kidogo, ile ya modeli inayoyeyusha plastiki, na baada ya siku kadhaa unapata uji wa plastiki ile ile ya modeli. Ukikauka, unapiga msasa kama plastiki ya kawaida, na rangi haitaonyesha mpaka. Fungua dirisha tu, mvuke wa gundi hiyo si mzuri.

Madigadi nayo yalinikera kwa unene wake. Fanya hesabu: milimita 1 ya plastiki ni milimita 35 za chuma, na bamba la ubavu la T-34, lile la kuzuia risasi, lilikuwa la milimita 45. Maana yake madigadi ya seti hii yangeweza kusimamisha kombora! Nilikwangua kingo kutoka upande wa chini kwa kisu cha wembe hadi zikaonekana kama bati, nikakunja kona moja ya mbele kidogo kwa koleo, maana vifaru hivi vilikuwa vinagonga kila kitu. Kingo tu zinatosha, katikati hakuna atakayeona.

Tareti ilikuja laini kama sabuni. Hapa kuna kazi nzuri sana na haigharimu kitu. Paka gundi maji kwenye eneo dogo, ngoja ilainishe uso wa plastiki, kisha gongagonga kwa brashi kuukuu iliyokatwa fupi. Rudia, acha ikauke kabisa, halafu pitisha msasa laini juu juu ili vilele visizidi. Lakini usipake kila mahali. Ubavu wa tareti na ngao ya mzinga vilimiminwa, hivyo vinataka ngozi mbaya. Paa la tareti lilikuwa bamba bapa lililounganishwa kwa weldi, na bodi yote ni mabamba pia, basi huko acha laini. Naona modeli nyingi zenye mabonde kuanzia pua hadi mkia, na ndizo zinazomfanya mtu anayekijua kifaru atabasamu. Tofautisha vilevile mishono miwili: ule wa nusu mbili za plastiki uondoe, ule wa kalibu ya chuma uuache, au uuongeze kama mchongaji aliusahau.

Weldi za paa na za kona za bodi nilizitengeneza kwa kijiti cha fremu kilichovutwa juu ya mwali wa mshumaa mpaka kikawa uzi. Unakilaza kwenye pembe, unakilainisha kwa gundi, unakikandamiza kwa ncha ya kisu hatua kwa hatua. Kikitoka kimepinda, ndivyo kilivyotakiwa.

Vishikio vya askari wa miguu waliodandia kifaru vilikuwa vimechongwa kama matuta yaliyoshikana na ukuta. Nimevikwangua vyote na kuweka waya wa shaba wa milimita 0.5 kwenye matundu yaliyotobolewa kwa keekee ndogo ya mkono. Kama una nguvu ya kufanya rekebisho moja tu, fanya hili. Mwanga ukipita chini ya kishikio, modeli nzima inapanda daraja. Mabomba mawili ya moshi nyuma nayo yatobolewe. Wavu wa kutolea hewa ya injini, ambao kwenye seti ni plastiki nzima yenye michoro, nilibadilisha kwa wavu wa chujio la zamani.

Mtutu umekuja nusu mbili, na mdomo umezibwa. Kuunganisha si shida. Shida ni kupiga msasa bila kuufanya bapa upande mmoja, kwa hiyo uzungushe vidoleni badala ya kusugua kwenda na kurudi. Tundu la milimita 85 linakuwa kama 2.4 kwenye skeli hii. Anza na ncha nyembamba, panua polepole. Kuna mitutu ya alumini inayouzwa peke yake, na ni mizuri, ila ukiijumlisha na vipande vyembamba vya chuma vya kukunja vinavyouzwa dukani utajikuta umelipa bei ya seti ya kisasa ambayo ingekupa vyote hivyo ndani ya boksi. Nyongeza zikikaribia bei ya boksi, umeshapoteza maana ya kununua la bei nafuu.

Sasa minyororo, ambayo ndiyo doa kubwa la seti hii. Ni mikanda miwili ya vinaili, inavutika, na ukiifunga kama ilivyo inapaa juu ya magurudumu kama mpira wa nguo. T-34 haina roli za kurudishia mnyororo. Sehemu ya juu inalala kwa uzito wake kwenye magurudumu yenyewe na kubonyea kati yake. Bila huko kubonyea, hata uwe fundi wa rangi namna gani, kitaonekana mwanasesere. Dawa yangu: toboa matundu madogo ubavuni mwa bodi, juu kidogo ya mnyororo, mahali ambapo digadi itaficha, kisha chomeka vipande vya waya vinavyoukandamiza kwenda chini kati ya gurudumu na gurudumu. Juu ya magurudumu weka tone la supa gluu. Gundi ya plastiki haishiki vinaili, usijisumbue nayo. Maungio yenyewe nimeyashona kwa uzi na kuyageuzia chini. Rangi kwenye vinaili hubanduka ukiukunja, kwa hiyo paka mnyororo ukiwa umeshakaa mahali pake. Mwenye subira anunue minyororo ya pingu moja moja, yaani vipande vya kuunganisha kimoja kimoja, T-34 ina pingu 72 kila upande. Hiyo ndiyo nyongeza pekee ambayo ningeitolea pesa kwa seti hii.

Kuhusu rangi sina mengi. Kijani cha Kisovieti kilichochanganywa na njano kidogo, maana kijani cha chupani kikikauka kwenye kitu kidogo huonekana cheusi. Baadaye rangi ya mafuta ya kahawia iliyoyeyushwa sana ikaingia kwenye mabonde ya tareti, brashi kavu, iliyofutwa rangi karibu yote, ikagusa vilele, na vumbi la chaki lililosagwa likapakwa karibu na mabomba ya moshi. Ile ngozi uliyoigongagonga kwa brashi kuukuu ndiyo inayofanya kazi hapa, rangi inafuata tu.

Stika za maji ni nene, na ndani ya boksi langu zilikuwa zimegeuka njano. Sikuzihitaji. Katika mapigano ya Berlin, Aprili 1945, vifaru vya Kisovieti vilipakwa bendi nyeupe kuzunguka tareti na msalaba mweupe juu ya paa ili ndege za washirika zisivishambulie. Wafanyakazi wa kifaru walipaka kwa brashi, haraka haraka, kwa hiyo nami nilipaka kwa brashi bila tepu, nyeupe iliyotiwa kijivu kidogo, bendi ikipanda hapa na kushuka pale. Nyeupe safi ya chupa usitumie, inaruka machoni kupita kila kitu kingine kwenye modeli.