Uzoefu wangu na Safari za Ibn Battuta, toleo la mkato

Nilinunua tafsiri hii ya Kiingereza mtandaoni kwa sababu moja tu: nilitaka kujisomea alichosema Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, kuhusu Mombasa alipopita mwaka 1331. Nimekulia Mji wa Kale nikisikia watu wakimtaja, lakini maneno yake sikuwahi kuyatia machoni.

Mombasa haikupata hata ukurasa mzima, na ukurasa huo nimeurudia sijui mara ngapi. Alilala usiku mmoja, akaona mengi. Kwenye milango ya misikiti kuna visima vifupi, dhiraa moja au mbili, na maji huchotwa kwa chombo cha mti chenye mpini mwembamba. Anayeingia huosha miguu, akaifuta kwenye jamvi nene mlangoni, maana watu hutembea pekupeku. Nilikuwa nikimfasiria mamangu, akanikatiza: "Si kata hiyo, mwanangu?" Ni kata, ingawa yetu ilikuwa ya kifuu. Kuna pia tunda analoliita jamuni, lina kokwa kama zeituni ila ni tamu sana. Zambarau! Mhariri hakutia neno hata moja hapo.

Mogadishu nako utamu mtupu: wali wa samli na michuzi yake, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, ndimu za achari, tangawizi mbichi, embe. Anasema mtu mmoja wa huko hula chakula cha watu kadhaa wa kwao. Amewapima wenyeji kwa kipimo cha kwao Tangier, Morocco, lakini unajua kabisa alikaa kwenye sinia nao.

Kilwa ndiko nilikoumia. Anamsifu Sultani al-Hasan kwa ukarimu, hata akamvulia fakiri wa Yemen nguo zake. Ila Wazanji, yaani watu weusi wa pwani hii kama Waarabu walivyowaita, wale wa nje ya mji wanatajwa kama watu wa kuvamiwa tu, na hesabu ya ngawira inafuata. Hawana chakula, hawana usemi, hawana jina la mtu hata mmoja. Hakukaa nao. Al-Masudi, mwanahistoria Mwarabu aliyesafiri pwani hii karne nne kabla yake, alichanganya mengi ya kusikia, lakini angalau aliandika kwamba Wazanji wana wasemaji hodari wanaowahutubia watu kwa lugha yao wenyewe. Sentensi hiyo moja inawarudishia uso.

Sasa kitabu chenyewe. Karatasi nzuri, herufi ndogo mno. Maelezo ya chini ni haba pale yanapohitajika zaidi. Tafsiri inasema majengo ya Kilwa yote ni ya mbao, na mhariri yuko kimya, ilhali magofu ya mawe ya matumbawe ya Msikiti Mkuu na jumba la Husuni Kubwa yamesimama hadi leo. Alipaswa kumkumbusha msomaji kwamba Ibn Battuta alimsimulia mwandishi wake Ibn Juzayy haya kule Fez, Morocco, kazi ikakamilika 1355, zaidi ya miaka 20 baada ya yeye kupita pwani yetu. Ramani hakuna. Gundi nayo imeachia ndani ya mwezi mmoja.

Nampa nyota tatu mchapishaji. Ukiweza, nunua toleo kamili lenye maelezo, mimi nimeshaagiza. Hili la mkato liko kwa mama, na ukurasa wa Mombasa umeng'oka, ameuhifadhi ndani ya msahafu wake.