Kanga na Msomaji Wake: Tathmini ya Doti kwa Anayenunua Jina

Anayevaa kanga halioni jina lake, yaani yale maneno yaliyoandikwa juu ya kanga. Wanunuzi wengi hulisahau hilo wakifika madukani Mtaa wa Uhuru jijini Dar es Salaam, Darajani kule Zanzibar au Biashara Street kule Mombasa. Wanaitandaza doti, yaani jozi ya kanga, juu ya kaunta, wanasoma maandishi wakiwa mbele yake, wanacheka, wanalipa. Ikishavaliwa, maneno yako nyuma, na wa kuyasoma ni mpita njia, jirani, wifi au mke mwenza. Kwa hiyo hapa kanga inapimwa kwa maswali mawili: jina litamfikia aliyekusudiwa? Na litabaki linasomeka baada ya kufuliwa mara nyingi?

Tuanze na vipimo, maana hapo ndipo mengi yanapoharibika. Doti ni vipande viwili ambavyo bado havijakatwa, kila kimoja takriban sentimita 150 kwa 110. Pindo linazunguka pande zote nne, mji uko katikati, na jina limekaa chini ya mji, juu kidogo ya pindo la chini. Chukua mwanamke wa urefu wa sentimita 160. Akijifunga kanga moja kiunoni, jina linaangukia nyuma ya shavu la mguu, na hakuna anayeinama kulisoma. Akijitanda ya pili kuanzia kichwani, jina linashuka hadi kiunoni au makalioni, mahali ambapo macho ya anayefuata nyuma yanafika bila taabu. Kanga ya juu ndiyo inayosema. Ya chini inarudia tu. Kama fedha inatosha kanga moja na nia ni kumpasha mtu, jitande nayo, usijifunge.

Wanaopenda kuikunja katikati na kuitupia mabegani wana hatari yao. Mkunjo ukiwa juu na nusu yenye jina ikawa nje, maneno yanasimama sawasawa. Mkunjo ukiwa chini, jina linasimama kichwa chini miguu juu. Miji mingi ya kanga inafanana juu na chini, kwa hiyo ukiwa na haraka hutagundua kosa mpaka umeshafika harusini.

Kisha urefu wa jina. Kiunoni, mtu aliye nyuma huona kama sentimita 40 au 45 tu za upana wa kanga. Kinachobaki kimezunguka ubavuni. “Wema hauozi” ina herufi 10: inaingia yote kwa herufi kubwa na inasomeka ukiwa upande wa pili wa barabara. Sasa chukua ile maarufu, “Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake”. Ina herufi 45. Ikiandikwa mstari mmoja wa sentimita 80, anayekufuata anapata “na meno yake siogopi mtu” basi, simba kaenda ubavu wa kushoto na maneno yamekwenda wa kulia. Aliyelengwa ataondoka akijiuliza meno ya nani. Jina refu linunuliwe tu kama limepangwa mistari miwili. Ya mstari mmoja iache dukani hata kama fumbo lake ni kali namna gani. “Usisafirie nyota ya mwenzio”, herufi 24, iko mpakani: inafaa kujitanda, haifai kujifunga.

Rangi nayo ina neno lake. Herufi nyeusi juu ya kibao (kile kipande kinachobeba jina) cheupe au cha njano zinaonekana kwa mbali. Herufi nyekundu juu ya zambarau ni za kusomwa na fundi cherehani peke yake.

Kitambaa ndicho kinachoamua kama yote hayo yatadumu. Usidanganywe na ugumu wa kanga mpya. Ugumu ule mara nyingi ni wanga, nao unaondoka fuo la kwanza. Sugua kona kati ya vidole kwa nusu dakika: vumbi jeupe likitoka na kitambaa kikalegea, umeshika wanga, si pamba. Inyanyue dhidi ya mwanga wa mlangoni. Ukiona uso wa muuzaji vizuri ng’ambo ya pili, hiyo ni nyepesi, na jina litaanza kupasukia kwenye nyuzi kabla mwaka haujaisha. Geuza upande wa nyuma. Kanga nzuri rangi yake imepenya, unaweza kulisoma jina kinyumenyume kwa nyuma. Rangi iliyokaa juujuu itachujuka. Kama unashuku ni poliesta, omba uzi mmoja wa pembeni uuchome: pamba inatoa harufu ya karatasi iliyoungua na kuacha majivu laini, poliesta inayeyuka na kuganda kijipunje kigumu. Ya poliesta haichuji rangi upesi, tukiri, na jina lake linaweza kuonekana jipya muda mrefu. Lakini inateleza kichwani, inapandisha joto, na haikai mwilini. Jina linahamahama kila ukigeuka.

Kosa ambalo watu hawaliangalii ni chapa iliyokwenda upande. Ikunje doti pale katikati ambapo vipande viwili vinakutana, ulinganishe mapindo. Yakipishana kwa zaidi ya upana wa kidole, chapa haikufuata nyuzi. Kanga ya namna hiyo usiipasue kwa mkono kama wafanyavyo wengi, kwani mpasuo utafuata uzi na kula pindo la upande mmoja. Ikate kwa mkasi ukifuata chapa. Hata hivyo, ikishafuliwa itavutika kurudi kwenye nyuzi zake na jina litapanda mlima. Bora usiichukue kabisa.

Kupinda hakuna maajabu. Pande mbili ndefu zina kingo za kiwandani zisizofumuka. Zinazopindwa ni pande fupi, mbili kwa kila kipande, nne kwa doti. Kunja nusu sentimita mara mbili, shona. Kwa kanga ya pamba, ifue kwanza ndipo uipinde, ikishanywea. Ukipinda kabla, uzi wa cherehani hautanywea sawa na kitambaa na ukingo utajikunyata.

Mafuo mawili au matatu ya mwanzo yawe ya peke yake, maji baridi, bila kuloweka usiku kucha. Kuloweka ndiko kunakoua jina: nyekundu ya mji inatembea taratibu ndani ya maji na kutulia kwenye kibao cheupe, na asubuhi herufi zinaogelea kwenye waridi. Chumvi ndani ya maji haiwezi kushikisha rangi ambayo kiwanda kilishindwa kuishikisha. Anika kivulini, upande wa ndani ukiwa nje.

Ukipeleka kwa fundi kushona dera au gauni, mwonyeshe jina kabla hajashika mkasi. Mafundi wengi hutafuta pindo kwanza, kwa sababu pindo ndilo pambo la mikono na chini, na jina linaishia kukatwa katikati ya mshono wa ubavu. Mwambie alipange chini ya mgongo kwanza, mengine yafuate. Nguo iliyoandikwa “hauo” kwapani haimfaidii yeyote.

Je, kanga isiyosomwa ina thamani? Wapo wanaoona kwamba fumbo lisilo na wa kulifumbua ni wino tu. Lakini kisutu, ile ya nyekundu, nyeusi na nyeupe ya bibi harusi, kwa kawaida haina jina kabisa, na hakuna Mswahili anayeiona akashindwa kujua inasema nini. Na kuna kanga za chumbani ambazo msomaji wake ni mmoja tu na hakuna anayezihesabu kuwa hasara. Idadi ya watazamaji si hoja. Kinachohitajika ni yule mmoja anayejua kwamba ni yeye anayesemwa.

Ndiyo maana kanga zilizohifadhiwa British Museum, London, zina kasoro moja ambayo haitokani na pamba wala chapa. Kanga ikitandazwa ukutani herufi zote zinaonekana kwa mara moja, pengine na tafsiri pembeni, kitu ambacho haikupata kamwe mwilini. Lakini “Usisafirie nyota ya mwenzio” pale ukutani haimchomi mtu. Aliyekusudiwa hayupo, na aliyeivaa hayupo. Ya kuiweka sandukuni ni afadhali kidogo: fumbo limelala, siku ya siku litaamka. Ila iweke bila wanga, yaani iliyokwisha fuliwa, maana wadudu wanapenda wanga na mikunjo migumu hukata nyuzi. Badilisha mkunjo mara kwa mara, na usipitishe mkunjo juu ya jina.

Kwa uamuzi: wa mipasho na sherehe achukue pamba nzito, jina lisilozidi herufi 20, kibao cheupe au cha njano, na ajitande. Wa zawadi kwa mama mkwe alisome jina mara mbili, kisha amsomeshe na mtu wa tatu, kwa sababu mama mkwe atalisoma mara tatu. Wa mbeleko na kazi za jikoni asilipie jina hata kidogo. Atafute pamba nyepesi iliyofuliwa ikalainika, maandishi yakiwa yamefutika au la, mtoto mgongoni hajui kusoma.